Usiiguse Gari Kwanza: Mwongozo wa Autokrosi na Traki kwa Mwenye Gari ya Spoti Ilivyotoka Kiwandani

Wadau salama. Kuna swali nalipata kila mara kutoka kwa watu wa huku Houston na Dallas mpaka jamaa walioko Dar, mtu kanunua Toyota GR86 au Mazda MX-5 au Honda Civic Type R, hata plate namba haijakaa vizuri, anauliza aanze na ekzosi, springi za kushusha au kuchezea kompyuta ya injini. Jibu langu huwa linaudhi: usianze na chochote. Ipeleke kama ilivyotoka kiwandani, ile hela uliyotenga weka kwenye ada za kuingia, mafuta ya breki, tairi, na mtu wa kukaa pembeni yako akufundishe.

Sio kwamba nachukia gari zilizofanyiwa kazi, hapana. Ila angalia GR86 yenyewe, injini lita 2.4, farasi 228, uzito kama kilo 1,280 hivi, dereva mgeni hamalizi uwezo wake mwaka wa kwanza hata akijitahidi vipi. Na mzee wake GT86 iliyotoka 2012 Toyota waliivalisha Michelin Primacy, tairi za ukoo mmoja na zile za Prius, watu wakacheka sana, kumbe ilifanywa kusudi gari ianze kuteleza ukiwa bado spidi ndogo ili dereva aisikie na ajifunze. We ukibandika tairi za mbio siku ya kwanza unachofanya ni kuhamisha kuteleza kwako kutoka maili 40 kwenda maili 60, na kwenye maili 60 ukikosea hupewi muda wa kufikiri.

Naandika hapa kwa mazingira ya Marekani kwa sababu ndiko niliko na ndiko hivi vitu vipo kila wikiendi. Mwenye Altezza RS200 yake ya gia sita huko nyumbani Tanzania, farasi 210 za Yamaha na Toyota, mambo ya breki, macho na mikono ni yale yale. Kitakachobadilika ni sehemu ya kuchezea, maana hata majirani Kenya wenye autokrosi ya siku nyingi wanaichezea sana kwenye vumbi, sio lami, na hapo hesabu za tairi nitakazotaja hazikuhusu.

Kwanza jua unaenda kufanya nini

Autokrosi ni koni zimepangwa kwenye pakingi kubwa au uwanja wa ndege usiotumika, unaenda peke yako, unapambana na saa. Raundi moja ni kama dakika moja au pungufu, unapata raundi nne mpaka sita siku nzima, na spidi mara nyingi haizidi ile ya barabara kuu. Ukikosea umegonga koni. Siku ya traki ni kitu kingine, ni uwanja wa mbio kamili kama Circuit of the Americas kule Austin, kilomita 5.5 na kona 20, mko wengi humo ndani kwa pamoja, sio mashindano na hakuna zawadi, mnaingia kwa vipindi vya kama dakika 20 na spidi inaweza kupita maili 120. Ukikosea hapo kuna ukuta.

Kwa hiyo mi nasema anza na autokrosi. Watu wengi wanaona ni ya watoto kwa sababu ya zile koni, wanaruka moja kwa moja traki, alafu unamkuta mtu ana gari ya farasi 400 anapitwa kwenye kona na MX-5 ya zamani yenye rangi mbili. Autokrosi inakubana, kwa dakika moja unakata kona nyingi kuliko mtu anayetoka Houston mpaka Austin, na gari inateleza mara nyingi bila gharama. Cheza msimu mmoja kisha nenda traki, utashangaa unavyomwelewa mwalimu haraka.

Pa kujiandikisha

Kwa autokrosi wakubwa ni SCCA (Sports Car Club of America), chama kilichoanzishwa 1944, mashindano yao haya wanayaita Solo na matawi yapo karibu kila jimbo. Ada ya siku mara nyingi iko kati ya dola 40 na 80, kama sio mwanachama unalipia uanachama wa wikiendi hapo hapo. Usajili karibu wote unafanyika kwenye tovuti ya MotorsportReg, fungua akaunti, weka gari yako, chuja kwa mkoa uliopo.

Kwa traki kuna njia mbili rahisi. Moja ni Track Night in America ya hao hao SCCA, inafanyika jioni siku za wiki, vipindi vitatu, makundi matatu kutegemea uzoefu, huhitaji uanachama. Nyingine ni NASA, hii sio ya maroketi, ni National Auto Sport Association, wao wana mafunzo ya udereva wa traki na mwalimu anakaa na wewe ndani ya gari. Sasa hapa wenye magari ya GR, yaani ya spoti ya Toyota, wasikilize: ukinunua GR86, GR Corolla au GR Supra mpya hapa Marekani, Toyota wanakupa uanachama wa NASA wa mwaka mmoja pamoja na siku moja ya mafunzo bure. Nimekutana na watu wamekaa na gari mpaka mwaka umekatika hawajui, karatasi iko kwenye droo pamoja na kitabu cha gari.

Forester na gari nyingine za kimo kirefu zinaweza kukataliwa kwenye autokrosi kwa sababu ya hatari ya kupinduka, najua wengi wenu mnazipenda, uliza kabla hujalipa. Na gari zisizo na paa upande wa traki kila chama kina masharti yake kuhusu nguzo za kukinga kichwa, soma.

Klasi, na kwa nini springi na kompyuta ya injini visubiri

Hapa ndio hoja yangu inapata meno. SCCA wana kundi linaitwa Street, ni la gari ambazo karibu hazijaguswa. Humo unaruhusiwa kubadili shokapu, nondo moja ya kuzuia gari isilale kwenye kona, yaani ya mbele au ya nyuma sio zote, pedi za breki, ekzosi ya nyuma baada ya katalaizi (ile ya kusafisha moshi), na tairi za barabarani zenye namba ya ulaji (treadwear, ikiwa kubwa tairi inachelewa kuisha) 200 au zaidi. Inatosha kabisa. Ila ukishaweka springi za kushusha gari umetoka Street, unapelekwa Street Touring ambako wenzako wamekuja na kila kitu kinachoruhusiwa huko, na ukichezea sana injini unasogea mbele zaidi kwa watu wanaofanya hii kitu kama dini. Yaani umelipa dola 400 za springi ili uwe wa mwisho.

Ukiwa Street unapambana na gari za aina yako, na ukitaka kujilinganisha na gari ya klasi nyingine kuna kizidishio kinaitwa PAX, muda wako unazidishwa na namba ya klasi yako halafu mnapangwa wote kwenye orodha moja, na hapo ndio utamwona mama mmoja na Miata (ndio hiyo hiyo MX-5) ya kiwandani yuko juu ya Corvette.

Bima, soma usiku huu huu

Sina maneno mengi. Bima nyingi za kawaida zina sentensi inayosema hawalipi uharibifu ukitokea kwenye mashindano, mafunzo ya kasi au eneo lililojengwa kwa ajili ya mbio. Toa ile karatasi usome mwenyewe, usimpigie wakala ukamweleza hadithi yako yote. Kwa autokrosi wengi wanaenda hivyo hivyo kwa kuwa cha kugonga ni plastiki, kwa traki kuna kampuni kama Hagerty na Lockton zinauza bima ya siku moja kulingana na thamani ya gari. Kama gari ni ya mkopo na huna hiyo bima, swali la kujiuliza ni je, ikilala ukutani leo utaendelea kulipa kila mwezi gari ambayo haipo?

Wiki moja kabla: gari

Breki ndio kitu cha kwanza, cha pili na cha tatu, nitakaa hapa kidogo.

Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani taratibu, hata gari ikiwa imelala. DOT 4 mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi, ikishakunywa maji kiwango kinashuka mpaka 155. Barabarani hufiki huko. Traki unafika, kwa sababu kila baada ya sekunde chache unaitoa gari maili 110 kuileta 50, ule moto wote unaingia kwenye diski, unapita kwenye pedi, unaingia kwenye pistoni mpaka kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu ni mvuke, mvuke unabonyea, basi unakanyaga na kanyagio linazama mpaka sakafuni gari inaendelea na safari yake. Kwa hiyo kabla ya traki badilisha mafuta yote, weka DOT 4 mpya ya ubora wa juu, wengi tunatumia Motul RBF 600 ambayo ikiwa mpya inachemkia nyuzi 312. Chupa moja ya nusu lita ni bei ya chakula cha watu wawili, na fundi yeyote anajua kutoa upepo kwenye breki. Usiweke DOT 5 ile ya silikoni, jina linafanana na 5.1 ila ni kitu kingine kabisa. Kwa autokrosi tu, mafuta ambayo hayajapita miaka miwili yanatosha.

Huko nyumbani kwenye gari za kutoka Japani hili lina uzito zaidi. Kenya wanaruhusu gari isiyozidi miaka minane, sisi Tanzania tunaingiza hata za zamani zaidi kwa kulipia ushuru wa ziada, sasa mengine mafuta ya breki ndani yake ni yale yale yaliyopanda nayo meli Yokohama. Fungua kifuniko uangalie, yakiwa na rangi ya chai ya rangi ujue ni ya kumwaga.

Pedi za kiwandani zinafaa kwa autokrosi na kwa siku yako ya kwanza ya traki kama utakuwa mstaarabu, ila ziwe zimebaki zaidi ya nusu. Jifunze kutofautisha mambo mawili haya kwa mguu: kanyagio likiwa gumu ila gari haisimami, pedi zimezidiwa na joto, kanyagio likiwa laini linazama, mafuta yamechemka. La kwanza unapoza raundi moja linarudi. La pili unatoka uwanjani unaingia piti (sehemu ya kuegesha pembeni ya traki) na hurudi ndani mpaka mafuta yabadilishwe, hata kama umelipia vipindi viwili vimebaki na mkeo ndio kwanza amefika na kamera.

Tairi, tumia ulizonazo, mradi hazina kipara wala mpasuko pembeni. Oili ijaze mpaka alama ya juu, sio ya katikati, maana kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja na ile pampu isipoipata injini inajua. Nati za magurudumu kaza kwa spana ya torki, gari nyingi ndogo za spoti ziko kati ya Nm 100 na 130, namba kamili iko kwenye kitabu, na spana hiyo uende nayo kwa sababu utakaza tena ukiwa huko. Betri tikisa kwa mkono, isicheze. Petroli usiende na tanki chini ya nusu ukiwa traki, kwenye kona inakimbia upande na injini inakata kidogo, na ujue kwamba traki inakunywa mafuta kama mtu katoka jangwani, mpango wa kujaza mchana uwe nao.

Wenye CVT, zile otomatiki zisizo na hatua za gia, autokrosi karibuni, traki samahani.

Helmeti na nguo

Autokrosi vyama vingi vina helmeti za kuazima, nenda hivyo hivyo. Ukinunua yako angalia stika ya ndani ya Snell, shirika linalopima helmeti: herufi M ni ya pikipiki, SA ni ya magari na imepimwa kwa moto, autokrosi wanakubali zote, traki wengi wanataka SA. Hivyo viwango vinatoka kila miaka mitano, 2015, 2020, 2025, kwa hiyo usidanganyike na ya bei rahisi ya 2010. Viatu vya soli nyembamba, suruali ndefu ya pamba kwa traki, maji mengi, kofia, mafuta ya jua. Julai ya Texas kwenye lami tupu nyuzi 38 sio mchezo, ndugu zangu wa Dar mnaojisifu joto mje.

Siku ya autokrosi

Fika mapema, saa moja asubuhi. Toa kila kitu ndani ya gari, na nikisema kila kitu namaanisha kapeti ya dereva, chupa ya maji chini ya kiti, kiti cha mtoto, chaja, zile sarafu kwenye mlango. Mkaguzi atakuja aangalie betri, nati, breki, helmeti. Namba na herufi za klasi bandika kwa ile gundi ya karatasi ya buluu ya wapaka rangi, haivui rangi ya gari.

Kisha tembea njia kwa miguu. Hii ndio kazi kubwa ya siku na ndio inayorukwa na wageni, wanatembea mara moja wakipiga stori. Ukiwa umesimama, koni zote zinafanana, ni bahari ya rangi ya chungwa. Koni iliyolala chini ndio inayokuonyesha, ncha yake imeelekea upande unaotakiwa kupita wa ile iliyosimama. Raundi ya kwanza tembea na watu ujue tu njia inaenda wapi. Ya pili tembea peke yako na uchuchumae, yaani ushushe macho mpaka usawa wa macho yako ukiwa umekaa kwenye gari, utaona geti, yaani nafasi ya kupita kati ya koni mbili, uliloliona wazi ukiwa umesimama sasa limejificha nyuma ya koni nyingine. Kila sehemu jiulize swali moja tu, baada ya hapa naenda wapi, kwa sababu kona unayoikata sasa hivi haina faida kama inakutupa vibaya kwenye inayofuata. Tafuta sehemu mbili au tatu za kufunga breki uzikariri, zilizobaki zitakuja.

Ukiangalia chini kila koni imechorewa kiboksi cha chaki. Ukiigusa ikasogea ila bado inagusa kiboksi, huna deni. Ikitoka nje au ikianguka, sekunde mbili zinaongezwa. Ukikosa geti zima raundi hiyo haihesabiwi. Na utafanya kazi, hili watu hawaambiwi: wakati kundi lingine linakimbia we uko uwanjani na redio unasimamisha koni, simama uangalie gari zinakuja, usikae kitako na usitoe simu. Tumia hiyo nafasi kumwangalia anayeendesha gari kama yako, sikiliza anaachia mafuta wapi.

Upepo wa tairi: tairi za barabarani kwenye autokrosi zinapinduka pembeni, kwa hiyo anza na zaidi kidogo ya stika ya mlangoni, mfano stika inasema paundi 35 we weka 38 mbele. Chukua chaki uchore mstari kutoka usoni mwa tairi kushuka mpaka ubavuni. Kwenye bega la tairi kuna alama ndogo ya pembe tatu, kwa Michelin ni yule mtu wao mnene. Baada ya raundi moja angalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka kwenye alama, safi. Imepita ikaenda ubavuni, ongeza upepo. Haijafika, punguza. Paundi mbili mbili, sio kubahatisha.

Ndani ya gari kaa karibu kuliko ulivyozoea: mabega yakiwa yamegusa kiti, kiwiko cha mkono, sio vidole, ndicho kifike juu ya stelingi. Hapana, nimeandika vibaya, ni kifundo, ile sehemu unayovaa saa. Mikono saa tatu na saa tisa kama mishale ya saa ya ukutani. Gia ya pili inatosha njia nzima, na mwanzo usiunguze klachi kwa kuondoka kwa fujo, saa inaanza kuhesabu ukishakata ule mwanga wa kupimia muda mita kadhaa mbele. Mfumo wa kuzuia kuteleza uache umewashwa au uweke kwenye spoti, kuuzima kabisa ni jambo la baadaye.

Alafu macho. Utagonga unachokiangalia. Kwenye slalomu, zile koni za mstari mmoja unazopita kwa kuzungukazunguka, angalia koni ya pili mbele, sio iliyo kwenye boneti, na anza kukata stelingi mapema kuliko unavyojisikia. Mgeni siku zote anachelewa, anakata kona akiwa ameshafika, anaongeza stelingi zaidi, pua inateleza, anaongeza tena, tairi zinalia kama mbuzi wa Idi. Tairi ikilia hivyo imeshazidiwa, punguza stelingi kidogo na uachie mafuta kidogo, itashika. Raundi ya kwanza nenda taratibu uijue njia, usiwe shujaa. Omba mzee wa hapo akupe lifti kwenye raundi yake, au akae na wewe, hakuna anayekataa.

Siku ya traki

Kikao cha madereva hukosi, kama umekosa hauingii. Bendera zikariri kabla hujatoka nyumbani. Ya manjano kuna hatari mbele, hakuna kupita. Nyekundu, punguza kwa utaratibu usimame pembeni mahali unapomwona msimamizi. Nyeusi ukinyooshewa wewe, ingia piti wana neno na wewe. Nyeusi yenye duara la chungwa, gari yako ina hitilafu. Manjano yenye mistari myekundu, kuna oili au uchafu njiani. Buluu, mwenye mbio yuko nyuma mpishe. Ya miraba myeusi na myeupe, kipindi kimeisha.

Kupita kunafanyika kwa ruhusa. Unatoa mkono dirishani ukimwonyesha wa nyuma apite upande gani, mkono kushoto apite kushoto, mkono juu ya paa apite kulia, we unabaki kwenye mstari wako na unaachia mafuta kidogo akupite. Asipoonyeshwa hapiti. Gari mbili nyuma, onyesha mkono mara mbili. Wenye gari zenye nguvu mna tabia ya kumkimbia mtu kwenye mnyoofu alafu mnamzibia kwenye kona, acheni, mnaharibu siku ya watu.

Tairi hapa ni kinyume cha autokrosi. Zitapata moto na upepo utapanda paundi tano mpaka nane, kwa hiyo anza chini ya stika, 31 au 32 zikiwa baridi, ukiingia tu piti pima zikiwa moto, ukikuta 36 au 37 uko pazuri. Ukikuta 42 toa, na usisahau kurudishia kabla ya kwenda nyumbani.

Raundi ya kwanza ni ya kupasha, tairi na breki na wewe mwenyewe. Breki funga gari ikiwa imenyooka, kanyaga kwa nguvu mwanzoni kisha uachie taratibu unapoanza kukata kona. Watu wanaogopa kukanyaga, wanagusa gusa breki muda mrefu, kumbe hiyo ndio inayopika pedi. Ingia kona pole, angalia ndani kwenye ncha ya kona, ukishaona mlango wa kutokea ndio unakanyaga mafuta huku unanyoosha stelingi. Hivi viwili vinaenda pamoja, stelingi ikiwa imekatwa sana mafuta yanakuwa kidogo. Usiachie mafuta ghafla katikati ya kona, uzito wote unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi unatoka. Ukitoka, angalia unakotaka kwenda na mikono itafuata. Ukishindwa na gari inazunguka, kanyaga klachi na breki kwa pamoja mpaka isimame kabisa, alafu mwangalie msimamizi akwambie lini uondoke.

Mwalimu akikwambia breki, unafunga breki, maswali yanaulizwa piti. Na mwambie ukweli unapoogopa.

Dakika 20 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Dakika ya 12 hivi akili inachoka kabla ya mwili, unaanza kukosa mahali pa kufunga breki. Hapo punguza raundi moja, pumua, angalia joto la oili, likipita nyuzi 130 tembea pole mpaka lishuke. Raundi ya mwisho haina breki kabisa, ni ya kupoza. Ukiegesha usivute hendibreki, weka gia ya kwanza na kigingi kwenye tairi, kwa sababu pedi zikibana diski ya moto zinaacha alama na ukifunga breki gari itatetemeka wiki nzima. Fungua boneti, kunywa maji, kaza nati tena zikishapoa.

Jioni na wiki inayofuata

Kabla ya kuondoka piga tochi kupitia rimu uone pedi zimebaki kiasi gani, angalia ubavu wa tairi, angalia oili. Barabarani kuwa makini na spidi yako, baada ya kutwa nzima ya maili 100 ile 75 inaonekana kama umesimama, na hapa Texas ukizidisha maili 25 juu ya kibao huruhusiwi hata kufuta faini kwa kusoma darasa la udereva salama.

Ukitaka kununua kitu baada ya siku kadhaa za hivi, mfuatano wangu ni huu. Pedi za breki zinazovumilia joto, za mbele kwanza. Kisha siku nyingine moja na mwalimu, ndio, hiyo nayo naihesabu kama spea. Kisha tairi za namba 200, Falken RT660, Bridgestone RE-71RS au Yokohama A052, na hizo zinunue tu pale za kiwandani zimeisha kabisa na umeshajua kuzisikia zinavyoongea. Ukipata rimu za mtumba za saizi ile ile zifungie hizo, za kiwandani zibaki za kazini, maana hizi laini ukienda nazo kazini kila siku hazimalizi mwaka na mvua za Houston hazina urafiki nazo.